Ala Tupu: Nani Aliupiga Huo Muziki Unaouimbia?

Kila muhula, usiku wa vipaji ukikaribia, mabwenini unaanza ubishi uleule. Mmoja anasifia sauti ya fulani wa mwaka wa pili, mwingine anamkata: "Sauti gani, yule si anaimba karaoke tu?" Neno karaoke hapo ni tusi dogo. Maana yake huna bendi, huna wimbo wako, umepakua biti mtandaoni ukapanda nayo jukwaani. Wanaomtetea nao wana jibu lao tayari: hata mastaa wanaojaza viwanja wanapanda na pleibeki, sasa mwenzetu huyu mnamwonea kwa lipi?

Nimeusikiliza ubishi huu mara nyingi, na naona pande zote mbili zinaliruka swali lenye uzito. Kuimba juu ya muziki uliopigwa na mwingine hakuna aibu. Watu wa mwambao wetu wamefanya hivyo kwa miaka mingi sana, tena kwa ufundi wa hali ya juu. Swali ninalotaka tujifunze kuliuliza ni hili: nani aliupiga huo muziki, na wewe uliyeupokea umeongeza nini? Ili tulijibu vizuri itabidi twende Unguja, Tanga na Mkwaja nilikozaliwa, kisha Japani na Jamaika, halafu turudi hapahapa ukumbini kwetu.

Neno lenyewe, na vitu vinne tunavyovichanganya

Karaoke ni neno la Kijapani lililoungwa kwa vipande viwili. "Kara" ni tupu. "Oke" ni kifupisho cha "okesutora", yaani okestra kwa matamshi yao. Ukiunga unapata okestra tupu. Mswahili hana haja ya kushangaa hapo, kwa sababu sisi tunao msemo unaokaribiana sana: ala tupu. Redioni mtangazaji akisema "tunaondoka na muziki wa ala tupu", kila mtu anaelewa kwamba vyombo vinapigwa na hakuna anayeimba. Kilicho tupu ni kiti cha mwimbaji.

Lakini ndani ya ala tupu na jamaa zake kuna mambo manne tofauti, na ubishi wetu mwingi unatokana na kuyachanganya.

La kwanza ni ala tupu ya wimbo uliopo. Bendi inachukua wimbo unaojulikana, na gitaa, fidla au kinanda kinaimba ile sehemu ya mwimbaji. Msikilizaji anajua maneno, anayaimba moyoni.

La pili ni ala ya kusindikiza. Hapa mahadhi ya mwimbaji yameachwa kabisa, umebaki mdundo, besi na vyombo vya kujaza. Usipoimba mtu, wimbo haujakamilika. Hii ndiyo karaoke, na hii ndiyo biti.

La tatu ni kuyavika mahadhi maneno mapya. Unachukua tuni ya mwenzako, unatupa maneno yake, unaweka yako.

La nne ni kopi. Unaimba wimbo uleule, kwa maneno yaleyale, na sifa yako ni kufanana na mwenyewe.

Yashike manne haya. Tutayakuta yote njiani.

Mwambao na kiti kitupu

Taarab ya Unguja haikuanza na wimbo wa Kiswahili. Masimulizi yanayofundishwa ni kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Misri kijana aitwaye Mohamed Ibrahim ili akajifunze kupiga ganuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo. Kilichopigwa mwanzoni kilikuwa muziki wa watu wengine, kwa lugha ya watu wengine. Na hadi sasa, ukienda kwenye onyesho la taarab asilia, mara nyingi litafunguliwa na bashrafu: ala zote kwa pamoja, fidla, udi, nai, ganuni, akordioni, bila mwimbaji. Bashrafu asili yake ni Uturuki, ikapita Misri, ikaja kwetu. Kwa hiyo mlango wa taarab yetu ni ala tupu ya kuazima, na hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kusema wazee wale hawakuwa wasanii.

Baadaye Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV kwa Kiswahili. Santuri ilibadili mambo kuliko tunavyofikiri. Kabla yake, ili ujifunze wimbo ulihitaji kukaa na mtu anayeujua. Baada yake, mwalimu anaweza kuwa sahani. Unaweka sindano, unasikiliza, unarudisha, unasikiliza tena mpaka vidole vijue. Mpiga udi wa Mombasa sasa angeweza kusoma kwa mpigaji wa Cairo ambaye hawatakutana maisha.

Filamu za Kihindi zilipojaza majumba ya sinema ya mwambao, mahadhi yake yakaingia katika taarab. Bingwa wa jambo hili alikuwa Mohamed Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014. Wengi walimjua kwa nyimbo zenye ladha ya Kihindi, lakini maneno yalikuwa Kiswahili kizito, mengine yametungwa na jamaa yake, mshairi Ahmad Nassir Juma Bhalo.

Hapa tusipite haraka, maana ndipo wengi wanaposema "ah, kumbe alikopi". Jaribu mwenyewe uone. Shairi la kawaida la Kiswahili lina mizani 16 katika mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, na vina vinabana kila upande. Mahadhi ya filamu yametengenezwa kwa lugha nyingine yenye silabi ndefu na fupi, na pumzi inayokatika pengine kabisa. Ukiyachukua mahadhi hayo, una njia tatu. Uivute irabu ya Kiswahili ili ifunike noti tano. Urudie neno ili lijaze nafasi iliyobaki. Au mshairi abadili bahari ya shairi tangu mwanzo, ahesabu mizani kwa kufuata tuni badala ya kufuata kanuni aliyoizoea. Zote tatu ni kazi, na kazi hiyo ikifanywa vibaya msikilizaji wa Kimombasa au wa Kitanga ataikamata katika ubeti wa kwanza. Mahadhi yalikuwa ya kuazima. Shairi halikuwa la kuazima, na ndoa kati ya hivyo viwili ilikuwa mali ya aliyeifungisha.

Tanga: vyombo vichache, mchanganyiko mkubwa

Tanga ilichukua njia yake. Black Star Musical Club ya miaka ya 1960, na baada yake Lucky Star, hazikuwa na safu ya fidla kama vikundi vya Unguja. Zilikuwa na gitaa la umeme, besi, kinanda na ngoma, na midundo yake ilipokea mengi kutoka muziki wa dansi. Sauti iliyozipa jina ni ya Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliyefariki mwaka 2016. Mtindo huo wa Tanga ulienda mbali, ukaigwa na vikundi vya Kenya na hata Burundi.

Dansi lenyewe nalo lilikuwa na deni. Kuanzia mwaka 1933 HMV ilileta Afrika santuri za mfululizo wa GV, nyingi zikiwa nyimbo za Kikuba. Vijana wa miji yetu hawakujua Kihispania. Walichokichukua ni gitaa, mdundo na mpangilio wa vyombo, wakaimba Kiswahili juu yake. Salum Abdallah wa Morogoro hakuficha kitu: bendi yake aliiita Cuba Marimba. Tanga ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na mpiga gitaa wa mji huo aliweza kusikia santuri ya Kikuba, bendi ya dansi na taarab ya harusini ndani ya wiki moja. Ukiyajua hayo, hushangai tena kwa nini taarab ya Tanga inakuchezesha mabega.

Sasa tushuke kusini. Mkwaja, kwa msioijua, ni kijiji cha pwani wilayani Pangani, ukishavuka mto kuelekea Saadani. Watu wa bahari na minazi. Nilipokuwa mdogo sikuwahi kuona bendi nzima ikija harusini kwetu. Alikuja mtu mmoja na kinanda chake cha umeme, spika mbili na jenereta. Akikaa sawa anaanza na tuni ya taarab inayojulikana, mkono wa kulia ukiimba kwa sauti ya fidla, bila mtu kwenye maiki. Hiyo ni ala tupu. Raundi ya pili anaondoa ile fidla, anabakiza mdundo na besi, na hapo kina mama wanaanza kupokezana maiki. Wa kwanza anaimba maneno yenyewe, kama yalivyo kwenye kanda. Wa tatu au wa nne anageuza, anaingiza jina la bwana harusi, anawarushia kijembe upande wa pili, ukumbi wa makuti unalipuka vigelegele. Katika nusu saa umeona mambo yote manne niliyoyataja, na hakuna aliyeuliza kama hiyo ni "karaoke tu".

Kuna jambo jingine la kuangalia pale. Mtu akifurahi, anainuka kumtunza mwenye maiki. Noti zinabandikwa kwenye paji la uso au zinatiwa mkononi mwa mwimbaji. Mpiga kinanda yuko pembeni, jasho linamtoka, kichwa kimeinamia vibonye. Yeye ana makubaliano yake na wenye shughuli. Lakini angalau alikuwepo, alionekana, na bibi akilalamika kwamba wimbo uko juu mno, yeye aliushusha. Siku hizi mara nyingi anakuja kijana na laptop na flashi. Muziki ni mnene zaidi, gharama ni nafuu, na bibi akishindwa kuifikia sauti hiyo ni shauri lake.

Mpigaji aliyejirekodi

Tunaweza sasa kwenda Kobe, Japani, kwa sababu aliyetengeneza mashine maarufu ya karaoke alikuwa mtu wa aina ya yule mpiga kinanda wetu.

Daisuke Inoue alikuwa mwanamuziki wa kusindikiza. Kazi yake ilikuwa kwenda kwenye baa na kuwapigia wateja wanaotaka kuimba. Mteja wake mmoja, mkuu wa kampuni, alitaka waende naye safari ili ampigie huko. Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia ala kwenye kanda. Mzee akaimba nayo safarini, akafurahi. Inoue akaliona jambo. Mwaka 1971, yeye na wenzake wakatengeneza mashine 11 za kutia sarafu, zikakodishwa kwenye baa za Kobe. Ala zilizokuwa ndani walizipiga wenyewe, na walizipiga kwa ufunguo ambao mtu wa kawaida anaumudu, kwa sababu walishawajua wateja wao.

Hakuwa wa kwanza peke yake. Shigeichi Negishi wa Tokyo alikuwa ametengeneza mashine yake mwaka 1967. Inasimuliwa kwamba alitaka kuiita karaoke, lakini wasambazaji wakasema neno hilo linakaribia mno neno la Kijapani la jeneza, ikauzwa kama Sparko Box. Marekani, tangu mwaka 1950, Irv Kratka alikuwa akiuza santuri za Music Minus One: kikundi kizima kimepiga isipokuwa chombo kimoja, ili mwanafunzi aweke chake nyumbani. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1920, filamu fupi za Max Fleischer zilionyesha maneno ya wimbo kwenye pazia huku kijimpira kikirukaruka juu ya silabi ili ukumbi wote uimbe. Kila kipande cha karaoke kilikuwepo mahali fulani. Wajapani walikiunganisha na baa na sarafu.

Inoue hakuomba hataza, kwa hiyo biashara ilipokua, fedha nyingi zilikwenda kwa makampuni. Aliyepata hataza, katika miaka ya 1980, ni Roberto del Rosario wa Ufilipino, kwa mashine yake mwenyewe ya kuimbia. Mimi lakini jambo la Inoue linalonishika zaidi si hataza. Ni kwamba mpigaji alijirekodi mara moja, na tangu usiku ule baa haikuhitaji tena kumwita mpigaji. Kiti kitupu kilikuwa cha mwimbaji. Kikaishia kuwa cha mpigaji.

Zile ala zinatoka wapi?

Wengi wetu tunadhani ala ya karaoke ni wimbo wenyewe uliofutwa sauti. Kwa kawaida sivyo. Rekodi halisi ina mwenyewe, na mara nyingi haikodishwi. Njia rahisi kwa kampuni ni kulipia haki ya utunzi, kisha kuajiri wapigaji wa studio wausikilize wimbo na kuupiga upya, chombo kwa chombo, unavyofanana iwezekanavyo. Yaani karaoke nyingi ni kopi za ala zilizopigwa na watu ambao majina yao hayaandikwi popote. Mwaka 1992 Japani ikaenda mbali zaidi: karaoke ikaanza kutumwa kwa laini ya simu. Simu za wakati ule zisingeweza kubeba sauti nzima, hivyo kilichotumwa ni maagizo ya MIDI, kama nota zilizoandikwa kwa kompyuta, na mashine ya upande wa pili ikazipiga yenyewe.

Kufuta sauti nako kupo, na ni somo zuri la fizikia. Katika rekodi nyingi za stirio mwimbaji amewekwa katikati, maana yake sauti yake inatoka sawasawa kushoto na kulia. Chukua upande mmoja, yageuze mawimbi yake juu chini, uujumlishe na upande wa pili. Kilicho sawa pande zote kinajifuta. Mwimbaji anatoweka. Tatizo ni kwamba besi na ngoma kubwa nazo kwa kawaida ziko katikati, zinaondoka pamoja naye, na mwangwi wa sauti yake unabaki ukielea kama mzimu kwa sababu wenyewe umetandazwa pande zote. Programu za siku hizi za akili mnemba zinatenganisha vizuri zaidi, lakini sikio lililozoea bado linakuta makovu.

Njia ya Jamaika hadi Dar es Salaam

Biti tunayoijua haikuja kwetu kutoka Kobe. Imepitia Jamaika. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwenye disko aitwaye Ruddy Redwood alipata kutoka studio ya Treasure Isle sahani ya wimbo wa kundi la Paragons ambayo haikuwekwa sauti za waimbaji. Alipoipiga dansini, watu wakaimba wenyewe. Wenye studio wakaelewa haraka, na upande wa pili wa santuri ukaanza kubeba "vesheni", ala bila mwimbaji. Juu ya vesheni hizo akina U-Roy wakaanza kughani. Mjamaika mwingine, Kool Herc, aliyehamia New York akiwa kijana, aliandaa mwaka 1973 dansi la Bronx ambalo wengi wanalihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip hop. Ikawa kawaida santuri ya rap kuwa na upande wa ala tupu.

Upande huo wa pili ndio uliofika Dar es Salaam. Mwaka 1991 Saleh J alitoa kanda ya rap ya Kiswahili akitumia ala za nyimbo za Marekani, maarufu zaidi ikiwa ile ya "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice. Hakukuwa na bendi, hakukuwa na prodyuza wa biti. Kulikuwa na ala ya mtu, na Kiswahili juu yake. Leo bongo fleva ina maprodyuza wake, lakini tusisahau kwamba mmoja wa waliofungua mlango huo alikuwa amesimama mbele ya okestra tupu.

Na tuni inavyozunguka! Besi ya "Ice Ice Baby" ilitoka kwenye "Under Pressure", wimbo wa mwaka 1981 wa David Bowie na kundi la Queen. Mwimbaji wa Queen alikuwa Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946. Kwa hiyo Saleh J alipoghani kwa Kiswahili, chini ya sauti yake ulikuwepo mdundo uliotoka kwenye bendi ya mtoto wa Unguja. Baada ya mvutano, watunzi wa "Under Pressure" waliandikwa rasmi kuwa washiriki wa utunzi wa "Ice Ice Baby". Kumbuka sehemu hiyo.

Majirani nao wana yao. Kampala neno karaoke liligeuka kuwa "karioki", na maana ikageuka pia: kuigiza na kucheza jukwaani juu ya wimbo uliorekodiwa, midomo ikifuata. Huku kwetu, taarab ya kisasa ya miaka ya 1990 ilipunguza wapigaji, ikaweka vinanda, kisha ikazoea pleibeki. Na singeli ya uswahilini Dar ilikua kwa kukata vipande vya ala za taarab na mchiriku, kuviendesha mbio kupita kiasi, na kumwachia MC maiki. Ala ya harusini ikawa malighafi ya muziki mpya kabisa. Huwezi kuiita kopi.

Nani analipwa, nani anatajwa?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inailinda kazi ya muziki, iwe na maneno au isiwe nayo. Hakimiliki ni ya mtunzi. Hakishiriki inawahusu waliopiga, waliorekodi na waliotangaza. Ndani ya haki za mtunzi kuna ya fedha, na kuna ya kutajwa kuwa kazi ni yake. Kupatikana bure mtandaoni hakuifanyi biti kuwa yatima.

Mfano ulio karibu nasi ni "Malaika". Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim. Miriam Makeba akauimba, Boney M wakauimba, bendi za mahoteli ya mwambao zinaupiga kila jioni, mara na maneno, mara ala tupu wageni wakila chakula. Wimbo umezunguka dunia nzima, na swali la nani aliutunga bado linabishaniwa. Kama wimbo mkubwa hivyo unaweza kumpoteza mtunzi wake, mpiga besi wake ana nafasi gani?

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema "karaoke tu", na pia na wanaosema "tumwache apumue". Yule mwanafunzi anayeimba juu ya biti yuko katika ukoo wenye heshima, ukoo wa Juma Bhalo na wa kina mama wa Mkwaja. Lakini ukoo huo una masharti mawili. Ongeza kitu chako: maneno, mapigo, kijembe, hata pumzi tu ya namna yako. Na mtaje aliyekukalisha kwenye kiti.

Zoezi la masikio

Kabla ya kupanda na biti yoyote, fanya majaribio matatu ukiwa na hedifoni.

Moja, sikiliza katikati. Kama besi ni nyembamba na kuna kivuli cha mtu anayeimba mbali, hiyo ni rekodi halisi iliyofutwa sauti. Ina mwenyewe mmoja zaidi ya mtunzi.

Mbili, linganisha na wimbo wenyewe sekunde kwa sekunde. Kama kila chombo kipo lakini ngoma inagonga tofauti kidogo, au mwendo haubadiliki kabisa mahali ambapo wimbo halisi unavuta pumzi, hiyo imepigwa upya. Kuna wapigaji wengine hapo. Watafute majina.

Tatu, jaribu kushusha au kupandisha ufunguo mpaka ukae kwenye koo lako. Ukiona huwezi kuimba bila kujinyonga, tambua kwamba biti haikutengenezwa kwa ajili yako, na kwamba mpigaji aliye hai angeshakusaidia zamani.

Mapendekezo kwa kamati ya burudani

Sipendekezi tupige marufuku biti. Chuo hakina bendi ya kutosha, vyombo ni ghali, na wengi wenye sauti wangebaki mabwenini. Napendekeza mambo madogo yanayowezekana muhula huu. MC ataje, kwa kila wimbo, mtunzi na aliyepiga au kutengeneza ala, kwa sauti ileile anayomtaja nayo mwimbaji. Tugawe mashindano kwa yale mambo manne: aliyefanya kopi ashindane na wa kopi, aliyevika mahadhi maneno mapya ahukumiwe kwa mizani yake. Na angalau nyimbo tatu zipigwe na wenzetu wenyewe, hata kama ni gitaa moja na dumbaki. Tukifika wakati wa kutunza, noti ya pili iende kwa mpigaji.

Maswali ya kujadili vikundini

1. Chagua wimbo mmoja wa taarab au dansi unaoujua. Kati ya yale mambo manne, upo katika lipi? Je, uko katika zaidi ya moja?
2. Andika ubeti wa mizani 16 kwa mshororo juu ya mahadhi ya wimbo wa pop wa sasa. Ni wapi umelazimika kuvuta irabu, na kwa nini?
3. Singeli inayokata kipande cha kinanda cha taarab inamdai au inadaiwa na nani? Toa hoja kwa kutofautisha hakimiliki na hakishiriki.
4. Katika harusi ya kwenu, nani anatunzwa na nani hatunzwi? Desturi hiyo inatufundisha nini kuhusu thamani tunayowapa wapigaji?

Swali la nne mlijibu mkiwa nyumbani likizoni. Mwulizeni mpiga kinanda wenu alijifunza kwa nani, na nyimbo zake za kwanza alizitoa kwenye santuri gani au kanda gani. Andikeni majina anayowapa, maana hayajaandikwa popote, na wenye kuyakumbuka wanapungua.